Kesi ya muuza kamba wa Nyamisati, hakimu wake nani?

Leo naomba tuiweke siasa pembeni kidogo tuzungumze hela. Si hela za mabilioni zinazotajwa bungeni, bali hela za muuza kamba, muuza nazi, mama wa mgahawa wa stendi na kijana wa boti kule Kibiti na kwenye delta ya Rufiji.

Ukishuka stendi ya Kibiti, kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, kibao cha Lipa Namba utakikuta kila upande unaogeuza shingo. Kipo dukani, kipo kwa fundi simu, kipo kwa muuza chipsi. Ukifika Bungu ukashika njia ya Nyamisati, kilomita zipatazo 40, utavikuta mpaka karibu na gati, pale abiria wa kwenda Kilindoni, Mafia, wanaposubiri maji yajae. Vibao vyote hivi vinamfundisha mteja namna ya kulipa. Sijaona hata kimoja kinachomwambia muuzaji afanye nini siku mteja atakapogeuka na kusema "nirudishieni hela yangu".

Hiyo ndiyo hoja yangu. Mfanyabiashara mdogo akigombana na mteja kuhusu malipo ya simu, anayeamua ugomvi ni kampuni ileile iliyoishika hela, na mara nyingi inaanza kuamua kabla haijamsikia muuzaji. Nasema utaratibu huo unamwonea muuzaji, na unamwonea zaidi yule aliye mbali kama watu wa delta.

Kwanza tuelewane biashara yenyewe ikoje. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, na ndani ya mikoko hiyo ndimo kamba na kaa wanamokulia. Mvuvi anatoka na mtumbwi kufuata maji, anarudi, anapima kwa mnunuzi wa kijijini. Mnunuzi naye anajaza barafu na kupeleka mzigo Nyamisati, halafu Kibiti, halafu Dar es Salaam. Kaa hai nao wana safari yao, wengine mpaka China. Katika mlolongo huo wote hela siku hizi inatembea kwa simu. Tajiri wa Dar hapandi boti na noti mfukoni. Anatuma.

Na nani atamlaumu? Tangu Vodacom ilipoleta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na wengine wakafuata (Tigo Pesa, ambayo tangu 2024 inaitwa Mixx by Yas, Airtel Money, Halopesa), mtu wa delta amepata kitu ambacho benki haikuwahi kumpelekea. Wanaoijua Kibiti ya mwaka 2016 na 2017 wanakumbuka hofu iliyokuwepo, mpaka askari polisi 8 wakauawa kwa kushambuliwa barabarani mwezi Aprili 2017. Katika hali ile, kutembea na bulungutu la noti njia nzima lilikuwa jambo la kufikiria mara mbili. Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya, siombi turudi kwenye noti.

Sasa hebu tuchukue mfano. Ni mfano tu, lakini kila anayefanya biashara kule ataelewa nasema nini. Mama mmoja anamuuzia abiria kamba kilo 20 kwa shilingi 15,000 kila kilo. Jumla 300,000. Abiria anatuma kwa simu, meseji inaingia, mzigo unapakiwa. Abiria akifika anakokwenda anapiga simu huduma kwa wateja: "Nimekosea namba, naomba mnirudishie." Au anasema mzigo ulikuwa umeoza. Kule kwenye kampuni, kijana aliyepokea simu hajui kamba wala Nyamisati. Anachokiona ni muamala wa 300,000 na mtu anayelalamika. Mara nyingi hatua ya kwanza ni kukizuia kiasi kinachobishaniwa kama bado kipo kwenye salio la mpokeaji, halafu uchunguzi ndiyo uanze.

Mama anajuaje? Anajua pale anapokwenda kwa wakala kutoa hela ya barafu na ya kuwalipa wavuvi, anaambiwa salio halitoshi.

Angalieni jinsi wawili hawa walivyoachana. Mteja ana kamba, na huenda ameshawala. Mama hana kamba, hana hela, na wavuvi wawili watatu wamekaa kibarazani wanamsubiri. Angeuza kabati angeweza kudai arudishiwe kabati lake. Kamba harudi. Hata kama uchunguzi utamalizika kwa haki baada ya wiki mbili, mtaji wa mtu wa aina hii hauna wiki mbili. Mzunguko wake ni wa siku moja, maji kujaa na maji kupwa.

Najua kuna watakaonijibu kwamba kampuni nazo zina sababu. Kweli zinazo. Nchi hii sote tumepokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Watu wametuma ada ya mtoto kwa mtu wasiyemjua kwa sababu ya tarakimu moja. Wapo matapeli wanaojiita wafanyabiashara, wanapokea hela na kuzima simu. Bila uwezo wa kuzuia hela haraka, watu hao wangeibiwa mchana kweupe, na yule tapeli angeshatoa kwa wakala kabla simu ya malalamiko haijapokelewa. Kuzuia haraka kuna maana yake. Ninachouliza ni kitu kimoja: baada ya kuzuia, nani anamwambia mpokeaji, anamwambia lini, na anapewa nafasi gani ya kujitetea?

Nawaleta kwenye kadi. Kadi za Visa na Mastercard kule Kibiti ni chache, ila kwenye kambi za watalii kando ya mto Rufiji na kwenye hoteli za Mafia zipo, maana mgeni wa Ulaya analipia chumba kwa kadi miezi kadhaa kabla. Huyo naye anaweza kubisha malipo. Wamarekani waliliwekea jambo hili sheria tangu 1974, na mitandao ya kadi ina kanuni zake zinazotumika dunia nzima. Kwa kawaida mwenye kadi anapewa mpaka siku 120 kupeleka pingamizi. Akipeleka, benki yake inalipa jina na namba ya sababu: hakupata huduma, kitu si kama alivyoahidiwa, kadi imetumika bila yeye kujua, na kadhalika. Mwenye hoteli anapelekewa taarifa kupitia benki yake, anapewa siku za kujibu, anaambatanisha ushahidi: barua pepe za mgeni, masharti ya kughairi, saini. Wasipokubaliana, shauri linaweza kupanda mpaka kwenye mtandao wa kadi wenyewe.

Je, mfumo huo ni pepo? Hata kidogo. Wenye hoteli ndogo wanalia nao kila siku. Hela inachukuliwa kwanza, ada ya usumbufu inakatwa juu yake, na mgeni mjanja aliyelala siku tatu anaweza kudai hakufika. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege, wafanyabiashara wa utalii duniani kote walikumbwa na madai ya namna hii kwa mkupuo. Hata kwenye malipo ya mtandaoni mambo hayapishani sana: PayPal kwa masharti yake yenyewe inaweza kulishikilia salio la mtu hadi siku 180. Kwa hiyo wakubwa nao wana vilio vyao.

Lakini hata huyo mwenye hoteli anayelia ana vitu vinne mkononi ambavyo mama wa Nyamisati hana. Ana taarifa ya maandishi. Ana sababu iliyotajwa. Ana tarehe ya mwisho ya kujibu. Na ana ngazi ya juu ya kupanda akishindwa. Mama ana namba ya huduma kwa wateja na muziki wa kusubiria, tena kama mtandao umeshika.

Majirani zetu Kenya walilikuta tatizo hili mapema kwa sababu walitangulia kulipana kwa simu. Makondakta wa matatu Nairobi walilalamika kwamba abiria analipa kwa simu, anashuka, halafu anaomba muamala urudishwe. Nauli imekwenda na gari limekwenda. Safaricom ilipoanzisha Pochi la Biashara kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, moja ya mambo iliyoyanadi ni kwamba mteja hawezi kuirudisha hela hivihivi bila muuzaji kuhusishwa. Nyingine ni kutenganisha hela ya biashara na hela ya mtu binafsi. Sisemi Wakenya wamemaliza kila kitu. Nasema kampuni inapotaka kumwingiza muuzaji kwenye mazungumzo, inawezekana.

Sisi je, hatuna sheria? Tunazo. Tuna Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake za fedha za kielektroniki za mwaka huohuo, zinazotaka hela za wateja zitunzwe kwenye akaunti maalumu za amana benki ili kampuni isizichanganye na za kwake. Tuna Kanuni za Benki Kuu za Kumlinda Mlaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019. Kwa mujibu wa kanuni hizo, ukiwa na lalamiko unaanza kwa mtoa huduma, na usiporidhika unalipeleka Benki Kuu. Kwenye karatasi mambo ni mazuri.

Ila wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Tuitazame fimbo hii ilivyo mbali na delta.

Kwanza, mama hajui aende wapi. Kwa mwananchi wa kawaida kampuni ya simu ni kampuni ya simu, na anayeisimamia ni TCRA. Hajui kwamba laini iko chini ya TCRA lakini hela iliyomo kwenye laini hiyohiyo iko chini ya Benki Kuu. Akipeleka lalamiko mlango usio wake, atazungushwa na kupoteza siku ambazo hana.

Pili, siku hizi hela inavuka mitandao. Hilo ni jambo zuri, na mfumo wa TIPS wa Benki Kuu umeziunganisha benki na kampuni za simu. Lakini ugomvi nao unavuka. Mteja yuko mtandao huu, muuzaji yuko ule. Kwa nani lalamiko la muuzaji litasikilizwa? Ni rahisi sana huyu akasema nenda kwa yule, na yule akasema rudi kwa huyu.

Tatu, laini yenyewe inaweza isiwe ya jina lake. Tunakumbuka usajili wa alama za vidole, ambapo kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa. Aliyekuwa hajapata namba ya NIDA alimwomba mwanawe au shemeji amsajilie. Maisha yakaendelea. Siku ya ugomvi kampuni inauliza jina la mwenye laini, na mwenye laini kwenye kumbukumbu ni kijana aliyeko Mbagala. Mama aliyeuza kamba hatambuliki kwenye kesi yake mwenyewe!

Nne, wengi bado wanapokelea hela ya biashara kwenye namba ya kawaida, ileile wanayotumiwa hela na watoto. Hapo muamala unaonekana kama mtu kamtumia mtu. Hakuna alama yoyote kwamba kitu kimeuzwa. Mteja akisema amekosea namba, maneno yake yanakaa vizuri kabisa.

Tano, ushahidi. Mwenye hoteli ana barua pepe. Mnunuzi wa kamba ana mdomo wake na watu waliokuwepo pale pwani. Sheria za kampuni hazina sehemu ya kuweka "waulizeni waliokuwepo".

Na sita ni umbali. Mtu wa visiwa vya ndani ya delta akiambiwa "fika ofisini kwetu na kitambulisho", maana yake ni boti, kusubiri maji, boda boda, na siku nzima bila kazi. Kwa shilingi 20,000 iliyozuiwa, nani atakwenda? Atasamehe. Na kampuni itaandika kwamba lalamiko limefungwa.

Tukumbuke pia kwamba kuna vipindi hela ya simu kule ni zaidi ya biashara. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kikapiga pwani upande wa Mafia. Nyakati kama hizo salio la simu ndilo akiba na ndilo shamba. Mtu akizuiliwa hela yake wakati kama ule hapotezi faida tu, anapoteza chakula.

Basi tufanyeje? Mimi ni mwandishi wa habari, si mwanasheria wala mtu wa benki, lakini nina mapendekezo ambayo sioni kampuni itashindwaje kuyatekeleza kesho asubuhi.

La kwanza, dakika ile hela inapozuiwa, meseji iingie kwa mpokeaji kwa Kiswahili cha kueleweka: kiasi gani kimezuiwa, muamala upi, aliyelalamika anasema nini, namba ya lalamiko ni hii, na una siku kadhaa za kujibu. Kampuni inayoweza kututumia matangazo ya bahati nasibu saa sita usiku haiwezi kushindwa kutuma meseji moja ya maana.

La pili, kizuiwe kiasi kinachobishaniwa peke yake. Ugomvi wa 300,000 usifunge laini nzima yenye hela ya watu wengine.

La tatu, malipo ya Lipa Namba yasichukuliwe sawa na hela iliyotumwa kwa ndugu. Kabla ya kuweka namba ya siri mteja anaonyeshwa jina la anayelipwa. Aliyeona jina la biashara, akathibitisha, halafu baada ya saa tano anasema amekosea namba, huyo ndiye aanze kuulizwa maswali.

La nne, bidhaa zinazoharibika ziwe na utaratibu wa haraka. Ugomvi wa samaki, kamba, maziwa na mboga upate uamuzi ndani ya siku mbili. Ikishindikana, muuzaji apewe hela yake na uchunguzi uendelee.

La tano, ushahidi wa kijijini upokelewe. Vijiji vya pwani vina vikundi vya BMU vinavyosimamia rasilimali za uvuvi, na kuna watendaji wa vijiji na kata wenye mihuri. Barua ya BMU kwamba siku fulani mzigo fulani ulishuka na kupimwa, kwa nini isiwe na uzito kama barua pepe ya hoteli? Ipigwe picha, itumwe, ihesabiwe.

La sita ni la Benki Kuu. Ichapishe kila mwaka malalamiko ya namna hii kwa wilaya na kwa kampuni: mangapi yalipokelewa, mangapi aliyeshinda ni muuzaji, yalichukua siku ngapi. Tukiiona Kibiti ina sifuri tutajua kwamba sifuri hiyo haina maana ya amani. Ina maana watu wamekata tamaa.

Na wauzaji nao nawaambia ukweli, maana mapenzi ya kudanganyana hayajengi. Mali bila daftari huisha bila habari. Chukua Lipa Namba yenye jina la biashara yako, uiache namba ya kawaida kwa ajili ya watoto na wajukuu. Andika kwenye daftari tarehe, jina la mteja, kilo na bei, hata kwa penseli. Piga picha mzigo ukiwa kwenye mzani. Usifute meseji za malipo. Laini kama si ya jina lako, nenda ukaibadilishe kabla hujaingia kwenye kesi. Hayo hayatazuia hela isishikwe, ila siku ukipewa nafasi ya kusema utakuwa na cha kushika mkononi.

Waswahili tuna msemo wa kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Sisemi kampuni hizi ni wezi, zimefanya kazi kubwa katika nchi hii. Lakini kampuni inayochukua ada kwa mteja na kwa muuzaji, inayoshika hela ya wote wawili, haifai kuwa mwamuzi wa kwanza na wa mwisho bila kumwita mmoja wao. Serikali inatuhimiza kila siku tuache noti tulipane kwa simu. Sawa, tumekubali. Basi na haki ya kusikilizwa ije kwa simu hiyohiyo, ifike mpaka Nyamisati, ifike mpaka kule mikokoni ambako mtandao unashika ukipanda juu ya gogo.

Wadau mlioko Kibiti, Ikwiriri, Mafia na kwingineko mnaofanya biashara hizi, nipeni uzoefu wenu. Na wewe uliyeko ndani ya kampuni za simu unayesoma kimyakimya, nakukaribisha unijibu, hata kwa kunipinga.

Naomba kuwasilisha.